MASWALI YA WASOMAJI: Timu ya kriketi inapopatwa na makubwa katikati ya Kombe la Dunia

Barua nyingi zilizotufikia baada ya makala yetu ya toleo lililopita kuhusu historia ya Kombe la Dunia la kriketi hazikuuliza juu ya mabingwa. Ziliuliza juu ya timu zilizopatwa na makubwa huku mashindano yakiendelea: msiba, tishio la usalama, mgogoro wa kisiasa. Tumechagua barua tano, na urefu wa majibu unatofautiana kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani uzito.

"Ninafanya kazi pamoja na Wapakistani ambao hadi leo wanabishana kuhusu kifo cha kocha wao, Bob Woolmer, katika Kombe la Dunia la mwaka 2007. Wapo wanaoapa kwamba aliuawa, na wapo wanaosema alifariki kwa maradhi. Ukweli ni upi, na wachezaji waliishije siku zile?" — Msomaji, Muscat, Oman

Ndugu yetu wa Muscat, ili kuyaelewa yaliyotokea Jamaika, alikofia Woolmer, ni lazima kwanza kujua kwamba Pakistan ilifika huko ikiwa tayari imejeruhiwa. Mwezi Agosti mwaka 2006, katika uwanja wa The Oval jijini London, waamuzi waliituhumu kwamba imeuharibu mpira kwa makusudi. Wachezaji walipochelewa kurudi uwanjani kwa kupinga tuhuma hiyo, Uingereza ilipewa ushindi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika historia ya mechi za Testi, yaani mechi za kimataifa za siku tano. Miezi michache baadaye warushaji mpira wawili wa kutegemewa, Shoaib Akhtar na Mohammad Asif, waligunduliwa kuwa na dawa iliyokatazwa. Adhabu zao zilifutwa kwa rufaa, lakini Kombe la Dunia walilikosa kwa sababu iliyotajwa kuwa ni majeraha. Aliyeibeba timu katika kipindi hicho chote ni Woolmer, Mwingereza aliyezaliwa Kanpur nchini India, aliyeichezea Uingereza mechi 19 za Testi, akaifundisha Afrika Kusini kuanzia mwaka 1994 hadi 1999, kisha akaichukua Pakistan mwaka 2004.

Tarehe 13 Machi 2007 Pakistan ilifungwa na West Indies kwa mikimbio 54 (mikimbio ndiyo mabao ya kriketi). Tarehe 17, katika uwanja wa Sabina Park mjini Kingston, ilitolewa yote, yaani wapigaji wake waliondolewa, kwa mikimbio 132 na kushindwa kwa wiketi tatu (mshindi alibakiwa na wapigaji watatu wa kutolewa) na Ireland, timu ambayo wachezaji wake wengi walikuwa na kazi nyingine za kujipatia riziki na ambayo ilikuwa inashiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Niall O'Brien peke yake aliifungia Ireland mikimbio 72. Matokeo hayo yaliitoa Pakistan katika mashindano huku ikiwa bado na mechi moja ya kucheza. Asubuhi iliyofuata Woolmer alikutwa amepoteza fahamu katika chumba chake cha hoteli ya Pegasus, akapelekwa hospitali, na huko ikatangazwa kwamba amefariki. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Sasa tuje kwenye ubishi wa wenzako. Tarehe 22 Machi polisi wa Jamaika walitangaza kwamba kocha huyo alinyongwa kwa mikono na kwamba wanachunguza mauaji. Tarehe 12 Juni, baada ya wataalamu wa uchunguzi wa maiti kutoka nje kuupitia ushahidi, polisi hao hao walitangaza kwamba hakukuwa na mauaji na kwamba alifariki kifo cha kawaida. Mwishoni mwa mwaka huo baraza la wazee wa mahakama lililosikiliza shauri la kifo hicho lilikataa kufunga upande wowote na kuacha uamuzi wazi. Hakuna mtu aliyeshtakiwa. Kwa hiyo wenzako hawabishani kwa ukaidi tu, kwani vyombo viwili halali vya nchi moja viliishia mahali tofauti, na kila mmoja wao ana tamko la kushikilia.

Lakini lililowaumiza wachezaji zaidi, kwa maoni yangu, ni muda uliopita kati ya matamko hayo. Vijana waliokuwa wamempoteza mlezi wao walichukuliwa alama za vidole na vipimo vya vinasaba. Nahodha Inzamam-ul-Haq, kocha msaidizi Mushtaq Ahmed na meneja Talat Ali walihojiwa tena kabla ya timu kuruhusiwa kuondoka Jamaika tarehe 24 Machi. Magazeti ya dunia yaliandika juu ya sumu, wacheza kamari na mechi zilizouzwa, na kwa karibu miezi mitatu mchezaji wa Pakistan hakuweza kumlilia kocha wake bila mtu fulani kudhani anaficha jambo. Mtu aliyefiwa husaidiwa na ndugu na jirani kulipokea lililotokea. Hawa walinyimwa hata kujua ni nini hasa kilichotokea, na sioni namna ya kuitetea haraka ile ya polisi ya kutaja mauaji mbele ya kamera kabla ya vipimo kukamilika.

"Nilisoma kwamba Pakistan walicheza mechi siku tatu tu baada ya kifo hicho. Je, huo si ukosefu wa utu? Katika desturi zetu hata harusi huahirishwa." — Msomaji, Morogoro

Ni kweli kwamba tarehe 21 Machi, katika uwanja ule ule wa Sabina Park, Pakistan ilicheza na Zimbabwe mechi ambayo haikuwa na maana yoyote katika msimamo wa kundi. Walisimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka marehemu, kisha wakacheza. Imran Nazir alipata mikimbio 160, timu ikafikisha 349, na mvua ilipokatisha mchezo na lengo la Zimbabwe kupunguzwa kwa hesabu mpya, Zimbabwe ilitolewa yote kwa mikimbio 99 na Pakistan ikapewa ushindi wa mikimbio 93. Inzamam alikuwa ametangaza siku ya msiba kwamba anaacha unahodha na mechi za siku moja, hivyo hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuivalia nchi yake sare katika mechi za aina hiyo. Alipotolewa aliondoka uwanjani machozi yakimtoka mbele ya watu wote.

Umeuliza juu ya utu, na swali lako ni la haki. Kama ningekuwa na sauti katika Baraza la Kimataifa la Kriketi siku zile, ningetaka timu yenyewe iulizwe kwanza, na jibu lake liheshimiwe, liwe la kucheza au la kutocheza. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kucheza kwenyewe ni kukosa utu. Fikiria hali ilivyokuwa: timu ilikuwa bado mbali na nyumbani, mwili wa marehemu ulikuwa mikononi mwa polisi, hakukuwa na maziko ya kuhudhuria, na hoteli ilikuwa imezingirwa na waandishi wa habari. Ahirisho la harusi ambalo msomaji wetu analitaja huwapa watu nafasi ya kufanya jambo jingine, yaani kukaa matanga, kupika, kupokea wageni na kusoma dua. Wachezaji wale hawakuwa na matanga ya kukaa. Kitu pekee walichokijua kukifanya kwa pamoja, na ambacho Woolmer aliwafundisha, kilikuwa kriketi.

Na ushahidi wa miezi iliyofuata unaonyesha kwamba timu haikuvunjika. Mwezi Septemba mwaka huo huo, chini ya nahodha mpya Shoaib Malik, Pakistan ilifika fainali ya Kombe la Dunia la kwanza la mechi fupi za ova 20 (ova moja ni mirusho sita ya mpira) nchini Afrika Kusini na kufungwa na India kwa mikimbio mitano tu. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Juni 2009, ilitwaa kombe hilo katika uwanja wa Lord's, na nahodha wa wakati huo, Younis Khan, aliutoa ushindi kwa kumbukumbu ya Woolmer. Nchi iliyofungwa siku hiyo ilikuwa Sri Lanka, ambayo basi la wachezaji wake lilishambuliwa kwa risasi mjini Lahore tarehe 3 Machi mwaka ule ule, polisi sita waliokuwa wakilinda msafara wakauawa na wachezaji kadhaa wakajeruhiwa. Sri Lanka ilifika fainali ile bila kupoteza mechi hata moja. Fainali hiyo, kwa hiyo, ilizikutanisha timu mbili ambazo shambulio moja lilikuwa limeziachia majeraha tofauti: wageni walipigwa risasi, na wenyeji wakanyimwa kwa miaka mingi haki ya kupokea timu kubwa nyumbani kwao.

"Kila tukisifu nusu fainali ya Kenya ya mwaka 2003, watani wetu hutuambia kwamba tulipewa pointi za bure na New Zealand. Tafadhali tupe hesabu kamili." — Msomaji, Nairobi

Hesabu hii tutaitoa yote, pamoja na sehemu ambayo mashabiki wa Kenya hawapendi kuisikia.

Mashindano ya mwaka 2003 yalichezwa Afrika Kusini, huku mechi chache zikipangiwa Zimbabwe na mbili zikipangiwa uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ilikuwa imelipuliwa kwa bomu. New Zealand ilikataa kuja kucheza tarehe 21 Februari kwa hofu ya usalama, na Kenya ikapewa pointi nne bila mpira kurushwa. Siku tatu baadaye Sri Lanka ilikuja na kucheza. Kenya ilipata mikimbio 210 kwa kupoteza wiketi tisa, 60 kati ya hiyo ikiwa ya Kennedy Otieno, kisha Collins Obuya akachukua wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24 na Sri Lanka ikatolewa yote kwa 157. Zaidi ya hapo Kenya iliishinda Canada mjini Cape Town kwa wiketi nne na Bangladesh mjini Johannesburg kwa mikimbio 32, na kumaliza ya pili katika kundi lake kwa pointi 16, sawa na New Zealand, huku West Indies na wenyeji Afrika Kusini wakibaki na 14 na kutolewa.

Watani wenu wana hoja. Kama New Zealand ingekuja Nairobi na kushinda, Kenya ingebaki na pointi 12 na isingevuka. Aidha, pointi zilizopatikana dhidi ya timu zilizovuka zilihamia hatua ya timu sita bora, pamoja na pointi moja kwa kila ushindi dhidi ya timu zilizotolewa, hivyo Kenya ilianza hatua hiyo na pointi 10, nne kati yake zikiwa za mechi ambayo haikuchezwa. Mpaka hapo siwezi kubishana nao.

Lakini hesabu hiyo hiyo inasema jambo jingine ambalo watani husahau kulitaja. Kama Kenya ingefungwa na Sri Lanka ingebaki na pointi zile zile 12, na pointi za bure zisingeisaidia kitu. Na katika hatua ya timu sita, ushindi wa wiketi saba dhidi ya Zimbabwe mjini Bloemfontein, ambako Martin Suji alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 19, ndio ulioifikisha kwenye pointi 14, juu ya Sri Lanka iliyokuwa na 11.5 na New Zealand iliyokuwa na nane. Mbele ya Australia, bingwa ambaye hakupoteza mechi hata moja, Aasif Karim alirusha zaidi ya ova nane akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu. Safari ilikatizwa na India mjini Durban tarehe 20 Machi, kwa mikimbio 91, licha ya nahodha Steve Tikolo kupata 56.

Linalonivutia zaidi kuliko hesabu ni tabia ya timu ile katika wiki ya New Zealand. Nchi kubwa ilikuwa imeutangazia ulimwengu kwamba Nairobi si mahali pa kwenda, na vijana waliokuwa wakisubiri kucheza nyumbani mbele ya watu wao wakaachwa na uwanja mtupu. Hilo ni tusi kwa mchezaji, hata kama anayelitoa hakukusudia. Tikolo na kocha Sandeep Patil, ambaye mwenyewe alikuwa katika timu ya India iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1983, walibaki na jambo moja mbele yao, yaani mechi ya Sri Lanka iliyokuwa siku tatu mbele, na uwanjani siku hiyo hakukuonekana timu iliyopewa zawadi. Msukosuko uliowashinda ulikuja baadaye, nao haukutoka nje: migogoro ya malipo kati ya wachezaji na viongozi, kufungiwa kwa Maurice Odumbe mwaka 2004 kwa kuhusika na watu wa kamari, na mwisho kupotea kwa hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja mwaka 2014. Shabiki wa Kenya anayetaka kuumia aumie kwa hayo, si kwa pointi nne za New Zealand.

"Henry Olonga alikuwa na asili ya Kenya? Na je, kitendo chake hakikuivuruga timu ya Zimbabwe?" — Msomaji, Mwanza

Baba yake ni Mkenya na mama yake ni Mzimbabwe. Yeye alizaliwa Lusaka, na mwaka 1995 akawa mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea Zimbabwe. Tarehe 10 Februari 2003 mjini Harare, kabla ya mechi dhidi ya Namibia, yeye na mchezaji mwenzake Andy Flower walitoa tamko la kuomboleza kifo cha demokrasia nchini mwao na kuingia uwanjani wakiwa wamefunga kitambaa cheusi mkononi. Olonga alitengwa, akapata vitisho, na akalazimika kukimbia nchi. Flower naye hakuichezea tena Zimbabwe baada ya mashindano.

Kuhusu kuivuruga timu, siku ile ile Zimbabwe ilishinda, Craig Wishart akipata mikimbio 172 bila kutolewa, na baadaye ikavuka kwenda hatua ya timu sita. Timu iliyovurugika ilikuwa ya Uingereza. Ilipaswa kucheza Harare tarehe 13 Februari. Ilipokea barua ya vitisho, wachezaji wakakaa katika vikao vya hoteli mjini Cape Town huku viongozi wa kriketi na wanasiasa wakitupiana mzigo wa uamuzi, na hatimaye timu haikwenda. Ilipoteza pointi za mechi hiyo, ikatolewa katika hatua ya makundi, na Nasser Hussain akajiuzulu unahodha wa mechi za siku moja. Olonga na Flower walijua wanachokifanya na gharama yake. Wachezaji wa Uingereza waliachiwa uamuzi ambao wakubwa wao walipaswa kuufanya wiki nyingi kabla ya ndege kupaa.

"Mimi ni mwalimu wa michezo. Mwaka jana, tukiwa kwenye mashindano ya shule mkoani kwingine, mchezaji wetu mmoja alifiwa na mzazi usiku wa kuamkia mechi. Sikujua niwaambie nini wenzake. Ungenishauri nini?" — Msomaji, Arusha

Mwalimu, pole kwa usiku huo. Nimeipa barua yako nafasi ya mwisho kwa kuwa mifano yote iliyotangulia inaihusu.

Kwanza waambie mapema na waambie wewe mwenyewe, kabla habari haijafika kwao kwa simu ya mtu mwingine ikiwa imeongezwa chumvi. Wachezaji wa Pakistan waliteseka kwa uvumi wa magazeti juu ya kocha wao. Sema unachokijua, na pale usipojua sema hujui, usijaze pengo kwa dhana. Pili, mtoto aliyefiwa asipangiwe na wengine kama atacheza au atarudi nyumbani. Ulizeni familia yake, mumsikilize naye, na uamuzi wowote utakaofikiwa uheshimiwe na kila mtu bila minong'ono. Asafiri na mtu mzima anayemfahamu, si peke yake.

Kwa wale wanaobaki, wapeni kazi ya mikono na ya miguu siku hiyo hiyo. Ratiba ya chakula, ya mazoezi na ya kulala isibadilike, isipokuwa muongeze muda wa kukaa pamoja na kumwombea marehemu, kila mmoja kwa imani yake. Kama kikosi kitacheza, mwamuzi na timu pinzani wajulishwe mapema, ili dakika ya ukimya iombwe kwa utaratibu na mtoto atakayelia uwanjani asionekane kituko. Kama hakitacheza, tamka hivyo mara moja mwenyewe ukiwa kiongozi wao, wala usiitishe kura ya watoto wa miaka kumi na mitano kuamua jambo zito kama hilo usiku wa manane.

Na mashindano yakiisha msiishie kwenye basi la kurudi. Pelekeni timu nzima msibani, hata kama maziko yamekwisha kupita, na mwezi mmoja baadaye mtembeleeni tena mwenzenu, maana wakati huo wageni huwa wamekwisha kuondoka na yeye ndiyo kwanza anaanza kuona nafasi iliyo wazi nyumbani.